Jeli Itoke Vipi? Mjadala wa Kitale na Bungoma

Hoja iliyo mbele ya kikao: "Mashine ya kusaga ni njia bora ya kuondoa jeli kwenye kucha kuliko asetoni."

MWENYEKITI: Wiki ya mwisho ya likizo, saluni za Kitale na Bungoma hujaa wasichana ambao hawakuja kupambwa. Wamekuja kupambuliwa. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na mwalimu wa zamu hatampitisha langoni msichana mwenye kucha za waridi zinazometameta. Kwenye foleni hiyo hiyo yumo mwanafunzi wa uuguzi anayeanza mazoezi wodini, mama aliyepewa tarehe ya kujifungua kwa upasuaji, na bibi harusi wa Desemba ambaye sasa mvua imenyesha na shamba linamwita. Shida yao ni moja: jeli haitoki kwa pamba na rimuva ya kawaida.

Sababu ni hii. Rangi ya kawaida hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani, na ukiirudishia kimiminika cha aina hiyo inayeyuka tena. Jeli haikauki hivyo. Huganda chini ya taa, chembe zake zikishikana na kuwa wavu mmoja. Asetoni haiuyeyushi wavu huo. Huupenya, huuvimbisha na kuulegeza mpaka uachane na ukucha. Tangu Shellac ya kampuni ya CND ilipoingia sokoni mwaka 2010, ahadi ya jeli za kupaka imekuwa kwamba zinadumu wiki mbili na zaidi, kisha zinalowekwa na kutoka. Ugomvi wetu uko kwenye sehemu ya pili ya ahadi hiyo.

Mafundi wamegawanyika. Wako wanaoloweka kwa asetoni na kufunga vidole kwa foili, na wako wanaosaga kwa mashine. Wako pia wanaobandua kwa nguvu, ila hao hakuna anayejitokeza kuwatetea. Waliokaa mezani nimewapa kazi zao badala ya majina, kwa kuwa kila mmoja anabeba msimamo utakaousikia katika saluni yoyote kwenye barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma. Fundi wa Bungoma anaitetea hoja, na Mama mwenye saluni Kitale anaipinga. Mwalimu ni mteja. Sista ni muuguzi. Binti anasomea urembo. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, mwenyekiti. Mama, sista, mwalimu, hamjambo. Nafanya kazi Bungoma mjini. Mteja wangu hushuka kwenye matatu kutoka Chwele au Kimilili akiwa na shughuli tatu za kumaliza kabla gari la kurudi halijajaa. Kwa mashine, robo saa inatosha kushusha rangi ya mikono yote miwili kama jeli ni ya kawaida na mkono wa fundi umezoea. Muda wa mtu nao ni mali yake, na saluni isiyouheshimu humpoteza.

La pili ni kubwa zaidi. Fundi wa mashine huchagua mahali pa kukomea. Nasaga rangi, naacha utando mwembamba wa lile tabaka la kwanza lililopakwa, na ukucha wenyewe siugusi. Akitaka rangi mpya, napaka juu ya utando huo. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila ukucha wake kuonja asetoni wala tupa. Asetoni haina pa kukomea. Inapoingia, haiishii kulegeza jeli; inakausha ukucha na ngozi ya pembeni vyote pamoja. Mtazame mtu aliyetoka kwenye foili: vidole vyeupe, ngozi imesinyaa.

La tatu, iko jeli isiyosikia asetoni. Jeli ngumu ya kujengea kucha ndefu unaweza kuiloweka tangu asubuhi hadi adhuhuri na isilegee. Hiyo husagwa tu. Sasa kama ipo kazi ambayo mashine inaiweza na asetoni haiiwezi, na hakuna jeli ambayo asetoni inaiweza na mashine haiiwezi, njia bora ni ipi?

MWENYEKITI: Mama, unajibu.

MAMA: Kijana wangu amesema vizuri, na sitadai kwamba mashine yake ni mbaya. Nasema ni kali kuliko kazi yenyewe. Ukucha wa mkono una unene wa nusu milimita hivi. Mashine nyingi za saluni zinaweza kuzunguka mara 20,000 kwa dakika na zaidi. Fundi akiangalia pembeni kumjibu mteja mwingine, au akiinamisha kidogo tu ile biti, yaani ncha ya mashine inayosaga, ukucha umekwisha kuliwa. Wanakuja kwangu wanawake wenye vipete vyekundu vilivyovuka ukucha karibu na mzizi, alama za biti iliyoshikwa kwa pembe isiyofaa. Mwingine anasimulia kwamba alihisi moto, akavuta mkono, akaambiwa avumilie. Joto lile ni ukucha unaosema umefikiwa. Fundi anayemwambia mteja avumilie hajui anachosaga.

Foili nayo ikifanywa inavyotakiwa haina papara. Kwanza naondoa mng'ao wa juu kwa tupa, maana tabaka la juu limefanywa lizuie kila kitu, na usipolikwaruza asetoni haipati mlango. Kisha napaka mafuta ya mgando kwenye ngozi kuzunguka ukucha ili asetoni isiikaushe. Pamba naikata ndogo, sawa na ukucha. Ukifunika kidole kizima kwa pamba unailowesha ngozi bure. Naiweka juu ya jeli, nafunga foili ikaze, nasubiri dakika 10 hadi 15. Foili inazuia asetoni kuruka na inahifadhi joto la kidole.

Hapo kwenye joto ndipo Kitale na Bungoma zinapotofautiana. Sisi tuko juu, mita kama 1,900. Asubuhi ya Julai vidole vya mteja vimekuwa baridi na asetoni inafanya kazi kivivu. Kwa hiyo nakunja mikono yake iliyofungwa foili ndani ya taulo lenye joto, lililochovywa katika maji yaliyochemshwa nje na kukamuliwa. Bungoma wako chini yetu kwa mita mia kadhaa na kuna joto zaidi. Pengine hawalihitaji taulo hilo. Kisha nafungua kidole kimoja nitazame. Jeli iliyo tayari utaiona imejikunja pembeni na kupasukapasuka, na ukiisukuma kwa kijiti cha mti inateleza yenyewe. Ikigoma, narudisha pamba yenye asetoni mpya na kufunga dakika 5 nyingine. Sisi wa Trans Nzoia tumepukuchua mahindi tangu utotoni. Yaliyokauka, punje huachia gunzi kwa kidole gumba. Yaliyo mabichi, ukilazimisha unapasua punje na kuchubua kidole. Hakuna anayeulaumu muhindi. Anayepukuchua ndiye huambiwa asubiri ukauke.

FUNDI: Mama, hiyo ni foili ya saluni yako. Tuzungumze pia foili inayofanyika Jumamosi jioni wateja wanane wakiwa wameketi kwenye benchi. Zile dakika 15 huwa saba. Pamba haitoshi, asetoni imechanganywa maji, na tabaka la juu halikuguswa kwa tupa. Foili inafunguliwa, jeli bado imeshika, na fundi anachukua chuma cha kusukumia ngozi na kukwangua. Ikitoka vipande vipande, kila kipande kimeng'oka na tabaka la ukucha chini yake. Ukucha unabaki na mabaka meupe, mkavu, ukipinda kama karatasi. Jeraha hilo halikuletwa na mashine.

Tena niongeze hatari ambayo haizungumzwi. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56 tu, na mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini ukatokea dirishani. Hutambaa sakafuni. Saluni ngapi huku kwetu zina jiko la makaa au meko ya gesi ya kupashia maji ya kuosha nywele, ndani ya chumba kile kile, hatua chache kutoka kwenye meza ya kucha? Mimi naiogopa chupa ya asetoni iliyo wazi kuliko ninavyoiogopa mashine.

MAMA: Hilo la moto nakuunga mkono. Jiko likae nje, dirisha liwe wazi, chupa kubwa ifungwe kabatini, na mezani iwe chupa ndogo yenye kifuniko. Na anayepasha asetoni moja kwa moja kwenye moto ili ifanye kazi haraka anacheza na maisha ya watu. Pia wako wanaonunua thinner ya rangi za magari kwa kuwa ni rahisi na inanuka vilevile. Thinner ni mchanganyiko wa vimiminika vingi ambavyo havikuundwa kugusa ngozi ya mtu. Asiyeweza kununua asetoni halisi na aseme leo haondoi jeli.

Lakini wewe nawe jibu la vumbi. Ukisaga wateja kumi kwa siku, vumbi lile linaingia wapi? Na stima ikipotea katikati ya mkono wa kulia?

FUNDI: Stima ikipotea ninayo mashine ya kuchaji, mama. La vumbi nakubali ni deni letu. Mashine bila feni ya kunyonya vumbi na bila barakoa ni kazi nusu.

MWENYEKITI: Sista, wewe hukuja upande wowote. Ukisikiliza hawa wawili, ukucha unasemaje?

SISTA: Ukucha wenyewe haujui ulidhuriwa na nini. Bamba la ukucha tunaloliona ni tishu iliyokufa. Halina damu, halina uwezo wa kujiponya. Likipunguzwa unene limepungua, na hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayorudisha tabaka lililong'oka. Mafuta ya nazi hulainisha tu na kupunguza kukatika, jambo ambalo ni jema. Dawa pekee ni ukucha mpya kusukuma ule wa zamani nje. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo jeraha la karibu na mzizi huhitaji takriban nusu mwaka kufika nchani likakatwa. Wa mguu ni mwaka na zaidi. Fundi huokoa dakika kumi, mteja hubeba matokeo miezi sita.

Nisahihishe pia jambo linalosemwa kila siku, kwamba kucha "zipumzishwe ili zipumue". Kucha hazipumui. Mzizi wake hulishwa na damu. Ukiona zimepona baada ya mapumziko, ni kwa sababu zimekua. Mapumziko yana faida nyingine: yanakuwezesha kuuona ukucha wenyewe. Rangi ya kijani chini ya jeli ni dalili ya bakteria waliopata unyevu mahali jeli ilipoachia. Unene na rangi ya njano huenda ikawa kuvu. Ukiona hivyo usipakwe jeli nyingine juu yake kuficha, njoo kliniki.

Sasa vumbi. Jeli ina kemikali za jamii ya akrileti. Zikiganda barabara hazina shida kubwa. Zisipoganda vizuri, kwa sababu taa ni dhaifu au tabaka lilikuwa nene mno, zile mbichi zilizobaki husababisha mzio zikigusa ngozi mara kwa mara, na vumbi la kusaga hubeba mabaki hayo hadi kwenye vidole, shingo na kope za fundi. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa tahadhari baada ya uchunguzi wa hospitali za Uingereza na Ayalandi kuonyesha kwamba asilimia 2.4 ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na mzio wa kemikali hizo. Mzio huo ukishaingia mwilini hautoki. Kemikali za ukoo huo hutumika kuziba meno na kushikiza viungo bandia, kwa hiyo anayeupata kwenye kucha anaweza kuulipia kwa daktari wa meno. Wa kwanza hatarini ni fundi, kwa kuwa yeye hushinda humo kutwa.

MWALIMU: Mwenyekiti, naomba nafasi. Wote wanazungumza kama vile mteja huletewa njia mbili achague. Mimi sikuwahi kuulizwa. Niliingia saluni moja kubadilisha rangi kabla ya harusi ya ndugu yangu. Fundi alichukua kipande cha kucha ya plastiki, akaingiza ncha yake chini ya jeli iliyokuwa imeinuka kidogo, akanyanyua. Ilitoka nzima, na nikafurahi kwamba imekuwa rahisi. Akapaka mpya juu, sikuona kitu. Wiki tatu baadaye ilipotoka ndipo nilipokuta ukucha mwembamba kiasi kwamba kikombe cha chai kilinichoma nikakiweka chini. Kushika chaki kuliniuma. Kufua kuliniuma. Sista amesema nusu mwaka; mimi nilihesabu kwa mihula, na ilikuwa miwili.

Lililonikaa moyoni ni hili. Jeli mpya nilitozwa. Kutoa ya zamani niliambiwa ni bure.

BINTI: Mwalimu amenitangulia pale nilipotaka kusema. Mwenyekiti, mimi najiandaa kwa mtihani wa ufundi wa daraja la tatu wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na wakati huo huo nasaidia saluni. Natafuta mkono wa kazi kwa wakubwa hawa, ila nataka waniambie ukweli wa malipo. Sisi wengi tunalipwa asilimia ya kila anachotoa mteja. Mteja akija kupakwa upya, bei ni ya kupaka. Dakika 30 ninazotumia kuondoa kwa upole hazina hata shilingi. Mwenye saluni haoni hasara, kwa kuwa kiti ni chake na muda ni wangu. Nikimaliza haraka, napata mteja wa pili. Nikiwa mwangalifu, napata mmoja na kelele za wanaosubiri. Sasa nikibandua, mnanilaumu mimi, na bango la bei ukutani linasema kuondoa ni bure.

MWENYEKITI: Kikao kimenyamaza, na nadhani ninajua kwa nini. Tumebishana saa nzima kuhusu foili na mashine. Binti anasema kinachoharibu kucha kimeandikwa kwenye bango la bei. Mama, wewe ndiye mwenye saluni mezani hapa.

MAMA: Ni kweli, na inauma kuikubali. "Kuondoa bure" tuliianza kuvuta wateja. Jirani akiandika bure, nawe unaandika bure. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini biashara ikiwa ngumu kila mtu hutembeza. Sikuwahi kufikiria kwamba neno lile linamlipa msichana wangu sifuri kwa sehemu ngumu kuliko zote. Kupaka jeli mwanagenzi hujifunza haraka. Kuondoa bila kudhuru ndiko kunakohitaji mkono uliokomaa.

FUNDI: Nami niseme langu. Mashine niliipenda kwa sababu inanipa robo saa. Lakini ninapojiuliza ni kwa nini nahitaji kuokoa robo saa, jibu ni lile la Binti: hailipiwi. Ningelipwa, sehemu nyingi ninazomaliza kwa mashine ningezimalizia kwa foili. Ukweli wa kazi ni kwamba mafundi wazuri hawachagui moja. Napunguza unene wa jeli kwa mashine mpaka nusu, mbali na ukucha, kisha tabaka la mwisho nalifunga kwa asetoni. Asetoni inapita haraka kwa sababu jeli imekuwa nyembamba, ngozi inakaa muda mfupi ndani yake, na biti haikaribii ukucha. Kama ni jeli ngumu, nasaga karibu yote na kuacha utando.

BINTI: Na nitajuaje nikomee wapi, kaka?

FUNDI: Tazama vumbi. Ukisaga rangi, vumbi lina rangi. Likianza kuwa jeupe na laini, inua mkono, umekaribia ukucha. Pangusa kwa spiriti: palipobaki jeli pana mng'ao, ukucha mtupu hauna. Biti isikae sehemu moja. Ipitishe kwa mwendo mmoja na uinyanyue. Kasi iwe ndogo kwenye kingo na karibu na ngozi. Fanya mazoezi kwenye kucha za plastiki mpaka mkono wako uache kutetemeka, na mteja akisema "moto", acha papo hapo. Usibishane naye.

SISTA: Kwenye usafi naomba nisiachwe. Mashine inaweza kuchubua ngozi, na kijiti pia. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya vitu vikavu kwa siku 7 angalau, hata kama damu huioni. Biti na vyuma vioshwe kwanza kwa sabuni na maji hadi vumbi litoke, ndipo vilowekwe kwenye Jik, sehemu moja ya ile ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, dakika 10, kisha visuuzwe na kukaushwa visipate kutu. Kile kisanduku cha kuulia vijidudu chenye mwanga wa bluu hakitoshi peke yake. Kijiti cha mti, pamba, foili na tupa ya sponji ni vya mteja mmoja, baada yake ni takataka.

Kuna jambo la pili. Kile kifaa cha kupima oksijeni tunachokibana kwenye kidole hupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi, hasa nyeusi au bluu iliyokolea, inaweza kuvuruga kipimo. Tunaweza kukihamishia kwenye kidole cha mguu au sikio, lakini mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji asingoje kufika wodini. Hospitali haina foili wala asetoni ya kazi hiyo. Na wanaohudumia wagonjwa, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa mwaka 2009 linawataka wasivae kucha za bandia kabisa. Kwa hiyo wapo watu ambao kwao kuondoa jeli vizuri, kwa siku waliyopanga, ni suala la matibabu.

MWALIMU: Basi nasi wateja tuna sehemu yetu. Kwanza tukubali kulipa. Tunalipa kusukwa, na kufumua nywele tunalipa; kwa nini kucha ziwe tofauti? Pili, tujue tulichopakwa. Nikihama kutoka saluni ya Kitale kwenda ya Bungoma, fundi mpya hajui kama nina jeli ya kawaida, jeli ngumu, akriliki au kucha zilizogundishwa kwa gamu. Akikosea, anaiweka kwenye asetoni jeli isiyotoka, na hasira yake inaishia kwenye ukucha wangu. Fundi akinitumia ujumbe mfupi kwenye simu, "jeli ya kawaida, tabaka mbili, tarehe fulani", nitamwonyesha yeyote. Tatu, jeli ikiinuka nyumbani, tusiivute. Tuikate sehemu iliyoinuka, tupake mafuta, tuende saluni.

MWENYEKITI: Ni wakati wa kufunga. Katika mijadala ya shule tulifunzwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo hoja yenyewe ndiyo iliyoshindwa, maana iliuliza swali lisilo la msingi. Mashine haikuthibitishwa kuwa bora, wala foili. Kila moja imeonyeshwa kuwa salama mikononi mwa mtu aliyepewa muda, na hatari mikononi mwa aliyenyimwa. Jeli ngumu inahitaji mashine. Jeli ya kawaida inatoka vizuri kwa asetoni, na haraka zaidi ikipunguzwa kwanza. Kubandua hakufai kwa jeli yoyote, kwa mteja yeyote, kwa sababu yoyote.

Kwa hiyo kama mwenyekiti natoa uamuzi wangu, na ninausema kwa moyo wote. Kuondoa jeli ni kazi kamili, yenye ujuzi wake, vifaa vyake na hatari zake. Kazi kamili ina bei. Kila mwenye saluni wa Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma afute neno "bure" ukutani na aandike mstari wa kuondoa wenye bei yake, kisha sehemu ya fedha hiyo imfikie anayeifanya. Bei hiyo iwe ya wazi ili msichana anayerudi shuleni ajue kabla ya kuketi. Asiyeweza kuimudu siku hiyo aambiwe ukweli kwamba jeli inaweza kupunguzwa kwa tupa na kuachwa ikue ikikatwa kidogo kidogo, badala ya kubanduliwa kwa hisani. Nao wanaofunza na kutahini urembo wampime mwanafunzi kwa namna anavyoondoa, si kwa namna anavyopaka tu.

Ushindani wa bei hautaisha kwa makala moja. Wa kwanza kupandisha bango jipya atapoteza wateja kadhaa mwezi wa kwanza, nalijua hilo. Lakini mteja ambaye ukucha wake umetoka mzima ana ushahidi kwenye vidole kumi, na atauonyesha kanisani, sokoni na kwenye chama cha akina mama. Saluni ya namna hiyo haihitaji kumwita mtu barabarani. Anayesoma haya akiwa na saluni, na aanze Jumatatu.